Mkanda wa Mama Mkwe

Mie shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikizunguka mnivumilie. Mke wangu alikatwa titi la kushoto. Nalitaja hivyo hivyo kwa sababu mwenyewe kaniruhusu. Anasema mkwe wetu, mume wa binti yetu, hasomi kitu zaidi ya habari za mpira.

Kwa sisi, mama mkwe hazungumzii mwili wake mbele ya mkwewe. Hata tumbo likimkata husema hajisikii vizuri, basi. Mkwe wetu aliambiwa mama kafanyiwa operesheni, naye kwa adabu hakuuliza ya wapi.

Daktari alisema kuna wagonjwa huandikiwa cheti cha kusamehewa mkanda wa gari mpaka kidonda kikauke. Mke wangu akakikataa. "Cheti kitataja titi," aliniambia. "Trafiki atakisoma barabarani, mkwe kasimama pale pale. Bora nisipande gari."

Lakini ikaja harusi ya binti wa kaka yake, kule Kiwalani, na yeye ndiye shangazi. Kwao bibi harusi hatolewi ndani mpaka shangazi amshike mkono.

Mkwe akatufuata nyumbani Madale na gari lake. Shikamoo, marahaba, akamfungulia mama mlango wa mbele, siti ya heshima. Mie nikakaa nyuma ya dereva, pembeni yangu masufuria ya pilau. Pilau ile alipika jirani yetu Mpare, mtu wa kanisani, lakini hata Waarabu wa dukani huiulizia. Sijui anatia nini. Nilimuuliza akasema anatia mchele.

Sasa mkwe akasema, "Mama, mkanda."

"Endesha tu, mwanangu."

"Samahani mama, bila mkanda siondoki. Ule mteremko na malori yale ya saruji ya Wazo? Mwenzangu alitoboa kioo kwa kichwa."

Mke wangu akauvuta, ukamgusa pale penyewe, akauachia. Nilimwona shingo inakakamaa.

"Nendeni," akasema. "Kichwa kinaniuma. Mwambieni kaka amtafute shangazi mwingine."

Shangazi mwingine hayupo. Mkwe akanigeukia kama mtu aliyekosea na hajui kosa. Nami nimefunga mkanda wangu, umenibana bega la kulia. La kulia! Nikamtazama mke wangu: wake ulimshukia bega la kushoto. Kumbe nyuma ya dereva mkanda unatokea upande mwingine.

Nitalisemaje? Nikajishika tumbo. "Jamani, mie huku nyuma natapika. Harufu ya pilau. Mama, nipishe huko mbele."

"Mzee!" mkwe akacheka. "Unamnyang'anya mama siti yake?"

"Natapika, nakwambia. Kwenye pilau ya watu."

Mke wangu alinitazama, halafu akautazama mkanda wangu. Akashuka. Alipokaa nyuma akakunja khanga, akaipachika chini ya mkanda, nikasikia kile kifungo kikilia *ka*.

"Twende," akasema, "shangazi anasubiriwa."

Kiwalani alimtoa bibi harusi, vigelegele mpaka masikio yakaziba. Mie huku nje mkwe ananitangaza kwa watu: mzee yule mroho wa siti ya mbele, kamtimua mkewe. Wakanicheka sana. Nikawaacha wacheke, nikaomba sahani ya pilau.