Mvua ya Mawe Ndani ya Uzio

Nikiwa kijana nilishika mizani ya dhahabu kule Masara. Haikuwa mizani ya maana, ni vifuniko viwili vya chupa, uzi na kijiti. Upande mmoja mnunuzi aliweka njiti za kiberiti, upande wa pili vumbi la mtu aliyeshinda shimoni tangu alfajiri. Mnunuzi mwenyewe alikuwa mzee mnene wa kikohozi, na akipima aliziba mdomo kwa kofia asipeperushe jasho la watu. Aliniambia, "Mizani haijui uongo, kijana. Mkono ndio unaujua." Nilicheka. Alifuga bata wengi pia, lakini nikianza na hao bata hatutafika.

Shimo moja lilipoporomoka, mama alitembea mpaka Masara akanirudisha nyumbani, upande wa Ndhiwa, akinishika sikio, na mimi nina ndevu na watoto tayari. Ndipo nikakutana na Daktari.

Tulimwita Daktari wa nyasi. Alikuwa mwanamke wa kutoka Machakos, Dholuo hakujua hata salamu, kwa hivyo tulisemezana Kiswahili, chake kizuri na changu hiki. Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta na akina mama wawili waliomletea watoto wenye homa. Akawaambia yeye anatibu malisho. Mmoja akamwuliza, "Kwani malisho yanaumwa wapi?"

Daktari akanigeukia mimi. "Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza."

"Umewahi kushika mizani?"

Nikamweleza ya dhahabu. Siku hiyo hiyo akanipa mkasi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chini ya kijiji chetu kuna bonde la malisho. Wakubwa wa serikali walitaka kulifunga, ng'ombe wasiingie tena, wakisema ng'ombe wanaua nyasi. Wazee wakasema hapana, ng'ombe ndio kinyozi wa nyasi. Daktari akaletwa apime ukweli. Alizungushia uzio sehemu moja ya bonde, ng'ombe wasiguse, na sehemu ya pili akaiacha wazi, wale kama kawaida. Kila mwezi tulitupa fremu ya chuma chini, nusu mita kila upande, tukakata nyasi zote zilizo ndani yake mpaka usawa wa udongo. Mbichi tulitenga na kavu, jani kwa jani, mgongo ukilia. Kisha mifuko ya karatasi iliingia kwenye oveni mpaka maji yote yaishe, maana maji si nyasi. Tulipima, tukarudisha, tukapima tena, mpaka uzito ukatae kushuka. Alinifundisha kwamba swali si nyasi ngapi zimesimama, swali ni ngapi zimeota tangu mara ya mwisho. Hilo ndilo aliita uzalishaji. Mtu anaweza kuwa na shamba limejaa nyasi na halizalishi kitu, kama boma limejaa wazee kama mimi.

Na uzio ulianza kusema. Ndani, nyasi zilirefuka, zikazeeka, zikajifunika zenyewe, machipukizi yakakosa jua. Nje, palipoliwa, zilichipuka kila mvua. Daktari aliniambia, "Omondi, wazee wako wanaelekea kushinda." Nilifurahi kama mtu ameoa.

Sasa nifike pale sipendi kufika.

Baba yangu mdogo alikufa, mzee mkubwa, mwenye wajukuu. Kwetu mzee kama huyo anafanyiwa tero buru: wanaume wanachukua ng'ombe, wanawavisha majani, wanakimbia nao porini kwa nyimbo na mikuki, kufukuza kifo kitoke bomani. Njia ya kwetu ya kufukuzia kifo, tangu babu, inashuka bondeni. Uzio wa Daktari ulikuwa umekaa katikati yake. Siku ya kuujenga niliona, nikanyamaza, maana nani alikuwa anakufa?

Ng'ombe walifika mlangoni mwa uzio wakasimama. Daktari alikuwa Nairobi. Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu. Otieno, mtoto wa marehemu, alinijia na mkuki, vumbi limegandamana na machozi usoni.

"Fungua, ja-Masara."

"Omera, ndugu yangu, hiyo ni kazi ya watu. Tuzunguke."

"Tuzunguke? Kifo kinazungukwa? Unataka baba arudi na sisi nyumbani kwa sababu ya nyasi za Mkamba?"

Nikafungua. Ng'ombe wa boma zima waliingia, na tulipomaliza kuimba walikuwa bado wanakula. Walishinda humo mpaka jua likaegemea, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuwaswaga.

Kesho yake nilirudi peke yangu na reki. Niliokota mavi yote, nikafuta alama za kwato. Nilijiambia Daktari akija tu, nitamwambia. Mvua ikatangulia kabla yake. Alipokuja, ndani ya uzio kulikuwa na chipukizi, kijani mpaka macho yanauma.

"Zile ndefu zimeenda wapi?" aliuliza.

Nilikuwa na ulimi wa kusema kweli, lakini pia nilikuwa na watoto watano na kazi moja.

"Mvua ya mawe, Daktari. Ilipiga, ikalaza zote."

Aliandika kwenye daftari. Tukakata, tukakausha, tukapima. Uzito wa mbichi ulipita ule wa nje. Daktari alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Basi nilikosea. Hizi nyasi hazihitaji ng'ombe. Zikiachwa, mvua inatosha kuzinyoa." Mimi ndiye nilishika ile mizani. Kwa mkono huu huu.

Ripoti ikasomwa barazani: bonde lifungwe. Mzee mmoja alisimama. "Omondi ni mtoto wetu, na ndiye alipima. Atuambie, ni kweli?"

Otieno alikuwa ameketi mbele yangu kabisa. Yeye alijua nani alinyoa zile nyasi. Aliniangalia, nami nikamwangalia, akainamisha kichwa asinitoe kazini.

"Mizani haidanganyi," nikasema. Yawa! Hayo ndiyo maneno niliyopata.

Otieno aliuza ng'ombe wake sokoni Rodi Kopany, mmoja mmoja, wa mwisho akiwa yule wa kengele aliyetangulia siku ya baba yake. Mpaka anakufa hakunisema. Tulipomzika hakukuwa na ng'ombe wa kukimbiza. Vijana walikimbia mikono mitupu hadi njia panda, wakarudi. Na bonde? Nyasi zilizeeka, zikafa zimesimama, vichaka vikaingia, na mbung'o wakarudi pamoja na vichaka. Nimelilinda hivyo, na ufunguo shingoni, mpaka nikapewa barua ya kustaafu. Vijana huniuliza kazi ya utafiti inataka nini. Nawaambia inataka mtu wa kusema kitu siku ile ile. Kesho yake kimeshakuwa takwimu.

Siku ya mwisho Daktari alikuja kuniaga, nywele nyeupe, fimbo mkononi. Tulisimama mlangoni mwa ule uzio. Aling'oa nyasi moja kavu, ikavunjika kama njiti ya kiberiti. Aliigeuzageuza vidoleni.

"Omondi, miaka hii yote nasubiri mvua ya mawe ipige tena hapa zichipuke. Haijapiga. Nimeuliza watu wa hali ya hewa, nimeuliza wenye mashamba. Hakuna anayeikumbuka ile moja." Akaniangalia bila hasira, na hiyo ndiyo mbaya. "Ilinyesha kweli?"

Nilivua ufunguo shingoni. Nikafungua kufuli, nikausukuma mlango wote mpaka mwisho, kama siku ya baba mdogo. Ufunguo nikautundika kwenye waya, mkasi nikauweka chini ya nguzo. Nikaanza kupanda njia ya kijijini.

Aliniita Omondi. Nikaendelea. Mara ya pili akaniita mzee. Sikugeuka, na pale sijakanyaga tena.