Uso wa Baharia Kombe

Kanze huchora picha za rangi ya mafuta Diani, na tusidanganyane, tembo na twiga ndio wanaomlisha. Wageni wa hoteli hupenda picha laini, iliyopapaswa kwa brashi nyembamba, naye kwa hilo ni fundi hasa.

Siku moja shangazi yake Jumwa alimwita Kinondo. Macho ya bibi huyu yameanza kuingia ukungu, na kabla hayajazima alitaka auone uso wa baba yake, Kombe, aliyeondoka na meli ya Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia asirudi tena. Picha pekee iliyobaki imeliwa na mchwa. Kofia ya ubaharia ipo, uso hakuna.

Kanze akabuni uso, akauchora laini kama ilivyo kawaida yake. Jumwa aliusogeza hadi puani.

"Kazi nzuri, mwanangu," akasema, "ila mtu simuoni. Naona ukungu umevaa kofia."

Kanze alirudi Diani amenuna. Aliponuna akachoka, ndipo akili ikamjia. Mtoto wa pili wa Jumwa, mlinzi wa hoteli, amepewa jina la babu yake huyo, na tangu azaliwe mama yake humwita baba. Kwao, anayerithi jina amemrithi mtu mzima mzima. Mbona hakuanzia hapo?

Basi Kombe huyu wa sasa, mwenye mvi zake, akaketishwa uani. Kanze aliukwangua ule uso wa kwanza kwa kisu, akashika brashi pana ya kupakia kuta. Rangi aliibandika nzito: taya kwa pigo moja, paji kwa jingine, bahari ya nyuma akaichapa tu. Aliogopa, na kwa muda mrefu hakuwahi kufurahi hivyo.

Kwa pupa akaipeleka Kinondo ingali mbichi. Jumwa aliitazama mlangoni, penye mwanga.

"Shikamoo, baba," akasema.

Kabla hajazuiwa, kidole chake kikapita shavuni, kikachimba mfereji katika rangi kutoka sikioni hadi karibu na mdomo. Kanze alishtuka, akawa anatafuta brashi apafunike.

"Paache," Jumwa akasema, machozi yakimtiririka. "Hapa palikuwa na kovu. Nilikuwa nikilishika akinibeba. Nilikuwa nimelisahau."