Salamu za Mweka Hazina

Mweka hazina wa kijiji, mama mwenye viganja vipana kama ungo, hajawahi kumnyima mtu hela. Anamsalimia tu mpaka mwombaji achoke. Hela zenyewe watu walichanga kwa kuuza maharage ili alipwe mpima ardhi, mashamba yaliyokuwa ndani ya iliyokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila yapimwe kabla tajiri wa mjini hajayazungushia waya. Sasa asubuhi ile mpima akisubiriwa, Mtendaji Crispin, kijana wa Iringa, akazitaka hizo hizo anunue mbuzi na soda za kumkaribishia mheshimiwa aliyekuwa anakuja ziara kijijini. Alimkuta mama anapukuchua mahindi. Mama akapiga magoti, akaanza kupiga makofi polepole, na salamu za Kiha, jamani, si za mtu anayewahi basi.

"Amahoro, baba! Mama yako mzazi?" Makofi. "Na mgongo wake?" Makofi. "Shangazi?"

"Wazima, mama. Sasa zile hela..."

"Babu je? Ng'ombe wake?"

Crispin alilelewa vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Mtu mzima amekupigia magoti, utamkatizaje? Akaeleza ng'ombe mmoja mmoja, hadi waliokufa. Walipofika kwenye mvua za Iringa, pikipiki ya mpima ikaingia uani.

Mama akasimama, akafungua pindo la kitenge, akamkabidhi mpima hela zote.

"Shikamoo, ma..." mpima akaanza.

"Salamu jioni, baba. Twende ukapime!"