Debe la Bibi

Juzi, hapa Tunduma, mjukuu wangu alizimwagia nepi za mwanawe maji ya moto. Mvuke uliponifika puani nilirudi nyuma, mzee mzima.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mbozi, ilikuwa masika, jua halionekani, na nepi za kitambaa cha marekani za mdogo wangu Mika zilikauka juu ya meko bila kuacha kunuka. Bibi alikuwa amekuja kutoka Msangano kumsaidia mama kulea. Nilikuwa sijamzoea; hakuwa mtu wa kucheka na watoto.

Mchana huo nilitoka kufukuza ndege kwenye ulezi, nikapokewa na harufu ya Mika mlangoni. Mkekani hakuwepo. Harufu ilitoka kwenye debe lililokuwa likitokota jikoni. Bibi alilikoroga kwa mti mrefu, na kitu cheupe, cha mviringo, kikainuka kama tumbo. Akakizamisha, akatupia humo majivu kutoka kiganjani mwake kama anayetia chumvi.

“Bibi, Mika yuko wapi?”

“Usisogee, utaungua.”

Mkojo ukanitoka.

Mama aliporudi kutoka kisimani, Mika alikuwa mgongoni kwake. Nilimkimbilia nikamnusa. Harufu yake haikuwepo tena. Alinukia moshi na majivu, kama lile debe. Leo najua alikuwa amefungwa nepi zilizochemshwa asubuhi. Wakati ule niliamini ametolewa humo.

Nyuma yangu bibi alivuta pumzi puani, akaitazama nguo yangu iliyolowa.

“Kumbe na wewe unanuka,” alisema, akisukuma kuni ndani. “Njoo hapa.”