Mpini wa Jembe la Mama

Juzi, sokoni Bariadi, muuzaji alininyooshea ufagio wa mpini mrefu. "Chukua huu, dada. Huinami, na kazi unaimaliza mapema." Ghafla nikasikia harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji, kama alasiri ile nyumbani kwetu Dutwa.

Mama alikuwa amechomoa mpini wa jembe lake la pamba, akaufunga kwa kamba kwenye ufagio wetu wa majani. Alifagia uwanja mzima amesimama, mkono mmoja kiunoni, chwaa, chwaa. Nikamwona ana akili kuliko akina mama wote wa kijiji.

Baba aliporudi na ng'ombe, aliokota jembe lililobaki bila mpini.

"Na hili? Mvua zimekaribia."

"Liweke tu, baba Milembe. Mgongo umekataa."

Nilirukaruka kwa furaha, nikidhani msimu huo mama atashinda nyumbani nami. Sikujua kwamba mwanamke wa kwetu hachomoi mpini wa jembe lake kama bado anatarajia kulima.

Mvua zilipoanza, watu walikuja msibani. Shangazi akaniambia nifagie uwanja. Niliushika ufagio wa mama kwa mikono miwili. Mpini ulikuwa umenizidi urefu.