Picha ya Mama Mkwe Katika Kitabu cha Kijapani

Kitabu kililetwa kijijini kwetu Qurus na dereva wa watalii, kimefungwa kwa karatasi ngumu. Alisema ni zawadi kutoka kwa Mjapani mmoja aliyewahi kuendeshwa naye, mpiga picha za mitaani, na kwamba ndani yumo mama mkwe wangu. Hata chai hakunywa. Wageni walikuwa wanamsubiri kushuka kreta kutazama wanyama.

Tulikaa nje tukakifungua. Picha karibu zote ni za mji wao: watu wenye miavuli wakivuka barabara, mwanamke anafuta kioo cha duka, nyaya za umeme nyingi mpaka mbingu inajificha. Kila picha imechukua kurasa mbili, halafu unakuta kurasa mbili za maneno, yamesimama wima. Pale mwanzo kabisa kulikuwa na maneno bila picha, nikadhani ni utangulizi. Katikati zikaja picha chache za Karatu mjini, na katika mojawapo mama amesimama mlangoni mwa baa, na kitenge chake cha kanisani, anacheka meno yote nje. Juu ya kichwa chake kuna tangazo la bia.

Jirani yetu aliyekuwa anachungulia akasema, "Ee, mama, kumbe ndiko unakopitia ukitoka ibadani."

Ulikuwa utani. Nasema hivyo kwa haki yake, maana alicheka na sisi tukacheka. Lakini mama hakucheka kwa muda mrefu.

Mama mkwe aliwahi kunywa, na hilo hafichi. Yeye ndiye kiongozi wa akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa, na wenye waume walevi au watoto walevi humjia yeye, kwa sababu aliacha na hajarudi. Kama mgeni ameandika kwamba bado ni mlevi, nani atamjia tena? Alisema siku ile alikuwa amejikinga mvua tu, akitoka soko la mnadani. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa, ila sikuona sababu ya kutomwamini.

Dereva yule amejifunza Kijapani kwa ajili ya wageni wake. Nikapiga picha yale maneno yanayofuata picha ya mama, nikamtumia kwa simu. Jioni akajibu kwa sauti, nami nikaifungua mama akiwa karibu anapepeta maharage.

"Dada, wameandika hivi. Amelewa tena. Amevaa vizuri, lakini nguo haiwezi kumzuia mtu asianguke. Nyumbani kuna anayemsubiri, naye amechoka. Basi, dada. Samahani, ndivyo ilivyo."

Ungo wa mama haukusimama.

"Watu wa huko wananisoma," alisema baadaye. "Na hawana pa kuja kuniuliza."

Jumapili hakwenda kanisani, akasema ni mgongo. Kesho yake akaniambia niwapelekee akina mama ujumbe, wachague kiongozi mwingine. Niliitikia, lakini sikuupeleka. Sijui kama nilifanya vizuri, maana mkubwa akikutuma unakwenda. Nilijidanganya kwamba nasubiri barabara ikauke.

Dereva aliporudi kutoka safari alikuja mwenyewe, uso chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kumtazama mlevi wako?"

Akaomba kitabu, akakigeuza chali, akaanza kukifungua kwa kule tulikoita nyuma. Alipofika kwenye picha ya mama akasimama.

"Dada, ulinitumia kurasa zipi?"

"Zinazofuata picha."

"Zinazofuata ukianzia wapi?"

Nikamwonyesha. Akajishika kichwa. "Mjinga ni mimi, sikukuuliza. Hawa wanaanzia huku, wanakwenda hivi. Maneno uliyonitumia ni ya huyu." Akafunua picha iliyotangulia kwa hesabu ya kwao: mwanamume wa suti na tai amelala kwenye ngazi za stesheni, kiatu kimoja kimemvuka. Na ule utangulizi wangu, kumbe yalikuwa maneno ya picha ya mwisho.

Kisha akamsomea mama ya kwake, polepole, akitafuta maneno.

"Mvua ilinikuta siku ya soko. Mwanamke huyu alinivuta chini ya paa ambalo peke yangu nisingethubutu kulisogelea. Akaifuta kamera yangu kwa upindo wa nguo yake. Hatukuwa na lugha moja. Alivicheka viatu vyangu. Kwetu nimesimama chini ya mapaa mengi na watu wengi, na hakuna aliyewahi kunivuta."

Nikakaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu.

"Soma tena," mama alisema.

Akasoma tena.

"Ni kweli nilimcheka. Viatu vyeupe, kwenye tope la mnada." "Mwambie hakuandika kwamba na chapati nilimpa." Kisha akanigeukia mimi. "Ule ujumbe?"

"Bado, mama."

"Mkaidi wewe," alisema, na sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile.

Jumuiya ilipokutana kwetu, alikitoa kitabu mwenyewe. Jirani alitaka kukifungua, mama akampokonya. "Huku ndiko mbele," alisema, kama mtu aliyezaliwa nacho. Aliwaonyesha miavuli, akawaonyesha nyaya za umeme. Walipofika kwa yule wa ngazini, mmoja aliuliza, "Na huyu kapatwa na nini?"

Nilimtazama mama. Yale maneno alikuwa anayajua yote, huenda kwa moyo.

"Mimi Kijapani sijui," alisema. "Kachoka, unaona kachoka." Akafunua ukurasa.