Samli ya Hennu

Asubuhi ya tuiza ukungu ulilala bondeni ukakataa kuamka. Milima ya Atlasi ilifutika yote, na kijiji kikabaki sauti tu: jogoo, kikohozi cha mtu, majembe yakigongana begani. Hennu alifungua mlango wake taratibu, akamwaga nje maji ya masufuria yaliyokinga mvua ya usiku ndani ya nyumba. Alifanya haraka ili shoga yake asije akayaona.

Lakini Itto alikuwa ameshafika, na aliyaona. Tangu wakiwa wasichana wa kuchunga mbuzi, Itto hakupitwa na kitu.

"Paa limelia tena?"

"Umande tu."

"Umande wa kujaza masufuria! Haya mama, chukua jembe twende. Mfereji hautajizibua wenyewe."

Tangu Bassou, mumewe Hennu, aiage dunia, hakuna aliyepanda paa lile la udongo. Paa la namna hiyo hutaka kusilibwa upya kila mwaka kabla ya theluji, na kazi hiyo haiwezwi na mtu mmoja. Ndiyo maana kuna tuiza, siku ambayo kijiji kizima hutoka kufanyiana kazi bila ujira. Sharti ni moja tu: mwenye nyumba awalishe waliomfanyia kazi. Na kwao mwenye chakula si aliyetoa shayiri wala aliyepika. Ni yule ambaye samli yake imemiminwa juu. Asiyelisha hajafanyiwa tuiza, amepewa sadaka.

Hennu sadaka hakuitaka. Hakuwa na kondoo wala kuku wa kuchinja, na kila walipomsihi alijibu kwamba mkono mtupu haulambwi, kisha akafunga mlango. Sasa boriti ya kati ilikuwa imepinda, na theluji ikiikuta vile itamwangukia usingizini. Alijua yeye, na kijiji kilijua. Heshima ni kitu kizuri, lakini heshima inayongoja kuangukiwa na boriti ina walakini.

Mfereji ulikuwa umejaa tope na majani ya mti wa jozi. Walichimba wakiwa wameinama, kila mtu akimwona jirani yake tu, wengine wakiwa vivuli na vicheko ndani ya weupe. Kadiri asubuhi ilivyosonga, sauti za wanaume zilizidi kupungua.

"Wanaume wamekwenda wapi?" Hennu aliuliza.

"Wamekwenda kunywa chai."

"Chai gani hiyo inayowameza mmoja mmoja?"

"Wewe chimba. Mambo ya wanaume waachie wenyewe."

Kisha maji yalifunguliwa kule juu. Yalikuja polepole, mekundu, yakisukuma majani mbele yake, yakamzunguka Hennu vifundoni. Alifumba macho. Mbali, hakujua upande gani, alisikia miguu mingi ikikandamiza udongo wa paa na wimbo wa kazi ukipanda na kushuka. Ukungu una tabia hiyo, huchukua sauti ukaiweka unapotaka. Ilikuwa ni kama Bassou yuko hapo juu tena, suruali ameipandisha magotini, akimwita chini amletee maji ya kunywa. Alisimama hivyo majini, akitabasamu, hadi Itto alipomvuta mkono.

"Twende kwangu tukapike. Kuna paa linafanywa leo."

"La nani?"

"La mjane mmoja, huko juu." Itto alionyesha kidole kwenye ukungu, popote. "Kichwa jiwe huyo! Watu wanataka kumsaidia, yeye hataki."

"Hataki? Kwa nini?"

"Anasema hana cha kutulisha."

"Mjinga," alisema Hennu. "Anataka paa limwue ili watu waje kumlisha yeye udongo? Kiburi hicho, si heshima."

Nyani haoni kundule. Itto aliinama kuchochea moto, mabega yakimtikisika, akasingizia moshi.

Walipika kutwa nzima, au ndivyo ilivyoonekana, kwa maana jua halikuwepo la kupimia. Hennu aliviringisha unga wa shayiri kwa viganja mpaka ukawa chembe za kuskusi, mvuke ukapanda ukaungana na ukungu mlangoni. Itto akamimina maboga na karoti juu. Kisha akakaa chini, mikono mapajani, kama aliyemaliza.

"Mbona hutii samli?" Hennu aliuliza.

"Yangu imekwisha."

"Na huyo mjane?"

"Hana."

Hennu alitazama kona ya ghala. Hapo palikuwa na chungu chake, amekiweka kwa Itto kwa sababu ghala lake mwenyewe lilivuja. Samli hiyo aliipika mwaka wa mwisho wa ng'ombe wao, na Bassou mwenyewe aliifunga mdomo kwa udongo. Hennu alikuwa anaitunza kwa ajili ya siku ya mazishi yake mwenyewe, wazishi wale vizuri. Itto alikitazama chungu pia, kisha akageuza uso upesi. Kuomba hakuweza. Ikiombwa, si ya mtoaji tena.

Moto ulipasuka cheche. Hennu akashusha pumzi.

"Kivunje," alisema. "Maskini yule asije akaaibika mbele za watu. Mimi maiti yangu itazikwa tu, hata kwa mkate mkavu."

Itto alimkumbatia ghafla, kwa nguvu, akamwachia unga mgongoni.

Walibeba sinia kichwani, wanawake wengine wakiwafuata kwa vigelegele. Macho ya Hennu hayakuona njia, ila miguu yake ilianza kuitambua: jiwe lenye ufa, kona, kisha harufu ya mti wake wa jozi. Upepo ukainuka, ukungu ukachanika. Juu ya paa lake walisimama wanaume wa kijiji, udongo hadi magotini. Boriti mpya ilichomoza ukutani, nyeupe.

"Itto, umenichezea."

"Nimekuchezea nini? Nilikuomba kitu?"

Hakuwa ameomba. Mzee Ikken, mkubwa wa tuiza, alishuka ngazi, akasimama mbele ya sinia bila kunawa. Hakuna aliyenawa. Akauliza swali linaloulizwa kabla ya kula:

"Tunakula kwa nani leo?"

Kama mwenye nyumba asingejibu, wangekula kimya kimya kama kwenye sadaka. Harufu ya samli ilikuwa imetanda uani. Hennu alitazama juu ya paa. Jina lililomjia hakuwa amelitamka mbele za watu tangu siku ya mazishi.

"Kwa Bassou," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Mnakula kwa Bassou. Naweni, chakula kinapoa!"

"Mungu aijaze nyumba ya Bassou!" waliitikia wote.

Walipokwisha kula, Hennu alivua viatu akapanda ngazi, Itto akiishikilia chini na kumpigia kelele asianguke. Alikwenda moja kwa moja hadi kona ya upande wa tundu la moshi, ambapo Bassou alizoea kusema maji hupapenda, akaanza kukandamiza kwa miguu yake mwenyewe.